Kibali cha Musi, Kiangazi cha Sparkbrook

Jumatano, 2 Juni 1976

Leo nimetangaza vita. Milka amesema ni vita vya nne mwaka huu na kwamba yeye, kama mke, hajapata taarifa kama vile vya pili vilikwisha.

Bwana Tonks, mwenye kiwanda cha chapa hapa Digbeth, Birmingham, ninakofanya kazi, aliniita ofisini kuhusu kalenda zilizotoka na Februari mbili. Kosa halikuwa langu, na nilimwambia hivyo kwa sauti iliyosikika mitamboni. Nyuma ya kiti chake kuna picha yake akiwa kijana, mguu mmoja juu ya nyati. Chini imeandikwa: Kitui, 1955. Nimeitazama picha hiyo miaka yote hii nikimeza hasira. Leo nimekataa kumeza.

"Mwaka huohuo," nikamwambia, "baba yangu alifungwa jela hukohuko Kitui kwa kumpiga choroa nyuma ya shamba lake la mtama."

Akavua miwani. Tonks si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. "Pole sana, Fanuel. Lakini mimi nilikuwa na kibali."

Baba alimwuliza hakimu swali moja tu: huyo mgeni wa ng'ambo, kibali amepewa na nani? Hakimu alimwongezea mwezi kwa utovu wa adabu.

Jioni nimepitia maktaba. Mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu anaitwa musi, yuko Canada: mwili wa pofu dume, pua ya ngamia, pembe kama sinia mbili za pilau. Ninataka karatasi yenye muhuri isemayo kwamba mimi, mtoto wa jangili, nimeruhusiwa kuwinda nchi ya watu kama walivyoruhusiwa wao kuwinda kwetu. Nitaipata.

Ijumaa, 4 Juni

Barua imekwenda Newfoundland, kisiwa kilicho mashariki ya Canada, kwa ofisi ya wanyamapori. Nimeeleza historia ya ukoloni kwa ufupi. Kurasa nne.

Jumamosi, 12 Juni

Narinder, rafiki yangu Kalasinga, anatengeneza cherehani Ladypool Road. Alizaliwa Machakos, Kikamba chake ni kizuri kuliko cha binti yangu, na ana simu, kwa hiyo nambari yake ndiyo niliyoiandika juu ya barua zangu zote.

"Musi!" akasema, bisibisi mdomoni. "Mkamba wewe, hata kuku wa Krismasi anakuchinjia Milka."

"Baba yangu alikuwa mwindaji, Kalasinga."

"Baba yangu alijenga reli. Mimi unaniona nikiendesha treni?"

Hata hivyo alinipeleka klabu ya shabaha anakopiga kila Jumamosi, kule Hodge Hill. Risasi tatu kati ya kumi ziligusa karatasi. Upepo ulikuwepo.

Jumatano, 23 Juni

Joto. Waingereza wanatembea kama watu waliopata habari mbaya. Jirani yetu ameniuliza kama kwetu ni hivi kila siku. Nikamwambia kwetu hii ni Julai, tunavaa sweta.

Jumatatu, 28 Juni

Jibu limefika. Asiye mkazi wa kisiwa hapewi kibali mkononi. Kila nyumba ya viongozi wa uwindaji imetengewa idadi ya vibali. Mgeni huomba nafasi kwa kiongozi, na kiongozi ndiye anayepeleka jina lake ofisini. Tena mgeni haruhusiwi kuingia msituni peke yake. Lazima kiongozi atembee mbele.

Kiongozi! Neno hilo ninalijua. Kwetu kiongozi wa uwindaji alikuwa Mzungu mwenye kofia pana, jina lake kwenye magazeti, chupa yake kwenye barafu. Aliyesoma nyayo, aliyejua maji yako wapi na simba amelala wapi, alikuwa Mkamba aliyebeba bunduki ya yule Mzungu, na jina lake halikuandikwa popote isipokuwa alipoliwa. Sasa na mimi, katika uzee huu, nishikwe mkono na mjukuu wa mlowezi anionyeshe kwato?

Nimeandika kudai niondolewe sharti hilo.

Alhamisi, 8 Julai

Wamekataa, kwa adabu iliyonyooka kama rula. Nimesoma barua yao mezani kwa sauti.

"Wanasema hata mtu wa Ottawa lazima awe na kiongozi," alisema Milka. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, wodi ya wazazi, miguu ndani ya beseni. "Mzungu wa Ottawa naye ameonewa? Mimi nadhani—"

"Unadhani ni haki. Ndivyo wanavyotaka udhani."

"Sikuwa nasema hivyo."

"Ulikuwa unaelekea huko."

Akachukua taulo akaenda kulala. Roselyne, binti yetu, aliitazama picha ya musi niliyoikata gazetini, akaniambia kwa Kiingereza chake cha mtaani kwetu Sparkbrook kwamba huyo ni ng'ombe tu aliyegongwa na kabati.

Jumapili, 11 Julai

Ofisi iliambatisha majina matano ya viongozi. Nimeandikia wote. Kwa wanne nimeomba nafasi kistaarabu. Wa tano, Ambrose Benoit na Wanawe, anajisifu kwenye tangazo lake kwamba familia yake imeongoza wageni vizazi vitatu. Vizazi vitatu! Nikaona shamba, farasi, na veranda. Kalamu ikashika moto. Kurasa kumi na moja, na ninakiri ni nzuri. Ile sehemu inayoanza "Wewe mjukuu wa mlowezi unayeuza machweo ambayo si yako" inafaa kuwa kijitabu kingine changu.

Jumatano, 14 Julai

Vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vimefunika kila kitu. Vinauma. Mama mmoja kituo cha basi alivilaumu kwa wahamiaji. Nilimjibu mpaka basi likaja, na kwenye basi pia.

Jumatatu, 19 Julai

Joto. Hakuna barua.

Jumamosi, 24 Julai

Risasi sita kati ya kumi. Narinder amesema karatasi ilisogea kunihurumia.

Jumatano, 28 Julai

Viongozi wanne wamejibu, wote wiki hii. Wamejaa. Mmoja amenieleza kwamba majina lazima yafike ofisini kabla ya Agosti kwisha, baada ya hapo msimu umefungwa.

Amebaki Benoit.

Jumapili, 1 Agosti

"Omba radhi," alisema Milka.

"Kwa lipi? Kwa kusema kweli?"

"Kwa kumtukana mtu usiyemjua, kisha kutaka akupeleke msituni na bunduki. Hata mimi ningekuacha kwenye shimo, Baba Roselyne."

Sijawahi kuomba radhi kwa maandishi. Niliketi na karatasi nyeupe mpaka chai ikaota ngozi. Nje nyasi za Uingereza zimekuwa rangi ya nyasi za Kitui, na watu wanazitazama kwa huzuni, kama maiti.

Ijumaa, 6 Agosti

Sijaandika radhi. Pia sijaacha kutaka kibali. Nimeshika ncha zote mbili za kamba ninavuta.

Jumapili, 8 Agosti

Narinder amekuja mwenyewe mpaka mlangoni, kilemba kimelegea kwa joto.

"Mtu amepiga simu dukani kutoka Canada. Ameuliza kama hapa ndipo anapokaa bwana wa kurasa kumi na moja."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Amecheka. Amecheka sana, mimi nikaogopa nikacheka pia. Atapiga tena Jumapili ijayo, saa tisa alasiri."

Jumapili, 15 Agosti

Ninaandika yote kama yalivyokuwa.

Dukani kwa Narinder kulikuwa na joto la tanuri. Manjit, mke wake, alifunga mlango, akaniwekea kiti katikati ya cherehani kama mshtakiwa. Simu ikalia. Sauti nzito, ya polepole, Kiingereza chenye lafudhi ambayo sikuweza kuiweka popote.

"Wewe ndiye Fanuel? Nilikuwa nikikufikiria mrefu."

"Huwezi kujua urefu wangu kwa simu."

"Unaona? Unabisha hata hilo." Akacheka. "Barua yako nimemsomea mama yangu yote. Ni mzee sana, macho yamekwisha. Ile sehemu ya mjukuu wa mlowezi ameomba nimrudilie mara mbili. Alisema miaka yote hii alikuwa akiwatafutia maneno hayo."

"Akiwatafutia akina nani?"

"Walowezi. Mimi ni Mmikmaki, bwana. Watu wangu hawakuja huku na meli za Wazungu. Yote uliyoandika ni kweli. Ulikosea anwani tu."

Narinder, aliyekuwa ameweka sikio nyuma ya simu, alijifunika uso kwa kitambaa cha mafuta. Nilijitetea kwamba jina lake ni la Kifaransa.

"Nilipewa na padri. Na wewe hilo Fanuel ulilitoa wapi, kwa baba yako mwenye upinde?"

 Manjit baadaye alisema aliitazama saa ya ukutani ili aikumbuke saa ambayo sikubisha.

Kisha Benoit akanieleza mambo. Huko kwao anayetembea mbele ndiye anayesoma nyayo; mwenye kofia pana huja nyuma, akihema. Na musi mwenyewe ni mgeni: waliletwa kisiwani kwa meli mwanzoni mwa karne hii. "Kwa hiyo wewe mgeni, yeye mgeni. Wenyeji ni mimi na mbu." Na mpwa wake mwaka jana alimpiga musi mmoja nyuma ya nyumba yao, akapelekwa mahakamani.

"Kwa kosa gani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Hakuwa na kibali."

Waya ulikuwa ukivuma kama nyuki. Nikamwona baba kizimbani, na nikaona mgeni akishuka kutoka Birmingham na karatasi yake safi, na mgeni huyo alikuwa amevaa koti langu.

"Sasa nikija," nikamwambia, "mimi nitakuwa nani?"

"Mteja. Usipokuja, nafasi atachukua daktari wa meno kutoka Boston, naye huingia msituni na redio."

"Ninauliza kwa dhati, Bwana Benoit."

"Nami nakujibu kwa dhati. Kazi yangu ni hii. Ukitaka kuniondolea dhuluma kwa kubaki nyumbani, mimi nitapata dhuluma ileile, na njaa juu yake. Nafasi ninayo moja. Lakini sijasema nitakupa."

Nikauliza inazuiwa na nini.

"Na mdomo wako. Masikio ya musi ni makubwa kama viatu vyako. Mtu anayejibu jambo kabla halijasemwa, nikimpeleka msituni hatutaona hata sungura. Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, tangu uamke mpaka ulale, usiseme neno. Usiandikie mtu, wala usinung'unike. Jumapili nitapiga simu hapo, nitazungumza na mke wako. Akisema umeweza, Jumatatu asubuhi jina lako liko ofisini. Akisema hukuweza, basi, barua nilifurahia."

"Na kama mke wangu atasema uongo kunisaidia?"

"Mke wa mtu kama wewe?" akasema, akakata simu.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimefikiri. Ningeweza kujitoa kwa heshima na kuandika kijitabu kuhusu kujitoa. Lakini heshima hiyo ingekuwa ya kwangu peke yangu, na mtu yule amekwisha sema hana haja nayo. Nitakwenda. Nitatembea nyuma yake. Baba alisema mgeni akiua katika nyika ya watu, kifua cha mnyama ni cha mwenyeji. Nitamwambia hivyo nikifika, kama nitaruhusiwa kusema.

Jumamosi, 21 Agosti

Jaribio la kunyamaza. Nimeweza mpaka gazeti lilipofika.

Jumatano, 25 Agosti

Jaribio la pili. Mtu wa mtamboni alisema ukame ni njama ya magazeti. Basi.

Jumamosi, 28 Agosti

Ninaandika Jumapili asubuhi. Jana hata kalamu sikuiamini.

Niliamka, nikamwonyesha Milka kidole mdomoni. Akaitikia kwa kichwa kama nesi anayepokea mgonjwa. Roselyne aliniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili kizima, sentensi kamili, kama anaweza kwenda sinema. Nikaitikia kwa kichwa. Akarudi kuuliza kama anaweza kwenda na ile ya saa kumi na mbili pia.

Narinder alifika kabla ya saa nne. Alikuja kikazi: kunichokoza.

"Nimesikia Wakamba walijifunza upinde kwa Wamasai." Nikatazama dari. "Nimesikia kijitabu chako cha mwisho watu wanafungia samaki." Nikanywa chai. "Ni kizuri kwa samaki, lakini. Wino hautoki." Milka akamfukuza na ufagio, akicheka mpaka akashika mlango.

Mchana tulikwenda Alum Rock, kwa Cleopas, ambako sisi Wakenya husali Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Cleopas alihubiri kuhusu ukame. Alisema Mungu ameifungia Uingereza mvua kwa sababu ya migomo ya wafanyakazi na wanawake wanaovaa suruali. Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Mimi ndiye ninayemjibu Cleopas. Watu huja na viti vya ziada kwa ajili hiyo. Nilihisi jibu likipanda kifuani, jibu zuri, lenye aya za Biblia na takwimu za visima vya Kitui, ambako wanawake hawavai suruali na bado mvua hainyeshi. Nikakunja ngumi ndani ya mifuko.  Cleopas mwenyewe alipoteza mahali alipofika. Alikuwa ameacha nafasi ya mimi kupiga kelele, na sasa hakujua aendelee vipi. Akamaliza kwa wimbo. Gertrude, anayefanya kazi wodi moja na Milka, alinijia akanishika paji la uso.

"Ana homa?" akamwuliza.

"Hana," alisema Milka. "Anawinda."

Tukarudi kwa basi, na njiani ikaanza. Tone moja kwenye kioo, jingine, kisha mbingu yote. Watu wa Stratford Road walitoka madukani wakasimama katikati ya barabara, nyuso juu, wazee kwa watoto. Ningekuwa na mengi ya kusema.

Nyumbani Milka hakuvua koti. Aliketi mezani mbele yangu, maji yakimtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Huwezi kunijibu mpaka kesho," alisema. "Sivyo?"

Nikaitikia.

"Basi nitasema leo." Akaweka mikono yote mezani. "Tangu Machi, hospitali ya misheni Kitui imeniita. Wanataka nisimamie wodi ya wazazi. Nisimamie, Fanuel, si kubeba mabeseni chini ya kasichana kanakoniita 'mpenzi' kama mtoto mdogo. Wameniuliza mara tatu, na mara tatu nimewaambia wasubiri, kwa sababu sijapata nafasi ya kukuambia. Kila nikianza neno unalimalizia wewe, na unalimalizia vibaya. Najua utakavyosema. Utasema misheni ni mguu wa mkoloni. Utasema Nairobi wanaoiba sasa ni wetu. Ni kweli yote. Mimi nimezalisha watoto wa Birmingham miaka kumi na mbili, nimewapenda, wakikua wanapita mbele yangu hawanijui. Nataka kuzalisha mtoto ambaye nitamjua akiwa mzee wa kijiji. Wewe unapigana na Uingereza nzima, na Uingereza haina habari. Ninayesikia mizinga ni mimi, chumba cha pili."

 Nilikuwa na hoja tatu, zote zimeiva. Ya kwanza ilifika mpaka kwenye meno. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, ilibidi nimtazame usoni badala ya kuitumia. Nikaona amezeeka kidogo chini ya macho. Nikaona pia haogopi kibali changu wala musi. Aliogopa jibu langu, na alikuwa ameliogopa tangu Machi.

Mvua ilipiga bati la choo cha uani. Milka akaendelea, mambo mengine, ya Roselyne, ya mama yake, ya nyumba anayoitaka na mahali madirisha yatakapotazama. Aliongea mpaka giza likaingia, na alimaliza kila sentensi aliyoianza.

Jumapili, 29 Agosti

Saa tisa dukani kwa Narinder. Milka alishika simu mwenyewe, akawapa mgongo wote waliokuwepo.

"Ndiyo, ni mimi... Ndiyo. Siku nzima... Hapana, hata kwa Cleopas. Hapana, humjui Cleopas." Akasikiliza kwa muda. "Mpe, Bwana Benoit. Na ukiweza, mkae wiki mbili."

Akaweka simu chini. Narinder akapiga makofi, Manjit akaleta sahani ya jalebi tamu. Milka alinigeukia.

"Sasa sema. Umefunguliwa."

Wote walisubiri. Hoja zile tatu zilikuwepo bado, zimelala mahali pake, na moja ya hizo ninaamini ni ya kweli kabisa.

"Hospitali," nikasema, "wanataka uanze lini?"

"Januari."

"Kila dirisha litazame mashariki, ulisema?"

"Nilisema magharibi," alisema Milka, akaanza kulia. Narinder akajifanya anatafuta uzi.

Jumatatu, 6 Septemba

Mvua. Tonks amenipa likizo ya Oktoba. Aliponiuliza ninakwenda wapi nilimwambia, kwa maneno machache, naye akanitakia mafanikio. Nadhani alimaanisha.

Alhamisi, 16 Septemba

Tarishi amegonga asubuhi. Bahasha kutoka kisiwani, muhuri wa ofisi, nene. Ni kibali. Nilikipokea, nikakiweka mezani kikiwa kimefungwa, nikarudi kuketi, kwa kuwa Milka alikuwa akinieleza jambo na alikuwa bado hajafika mwisho.